Aliyembwaga Mwanasiti wa Bweni

Assalamu aleikum, wasikilizaji wapendwa. Ni mimi Mwatima binti Shamte, nazungumza nanyi kutoka Dar es Salaam. Leo tunamkumbuka Bi Kijakazi binti Mbaraka wa Kanga, kisiwani Mafia, aliyefariki mwezi huu. Narudia jina: Kijakazi binti Mbaraka. Nitalirudia sana leo. Na nawaambia mapema, nasema haya huku nikiona aibu, maana yaliyomfika yalitendeka kwetu, na mama yangu mzazi alikuwemo.

Bi Kijakazi alikuwa mfua nazi. Bibi yake aliletwa Mafia kwa kununuliwa, akatumikishwa katika shamba la tajiri mmoja wa Kanga. Utumwa ulipofutwa, shamba lilibaki la tajiri, na Kijakazi akakulia humo humo, mbele ya kifuo, ule mti uliochongoka wa kufulia nazi. Binti yake, Bi Mize, aliniambia, "Mama akishika nazi husikii hata pumzi. Mara kumbi liko chini."

Sasa, akina baba mnaonisikiliza huenda hamjui jambo hili. Zamani, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kila Siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wa Kiswahili, wanawake wa Kanga walipigana mieleka na wanawake wa Bweni, kijiji jirani. Ilikuwa uani, mlango umefungwa, hapana mwanamume. Lakini si kila mwanamke aliruhusiwa kupigana. Walioruhusiwa ni mabinti wa nyumba kubwa tu. Kijakazi na wenziwe walitandika majamvi, wakateka maji, kisha wakakaa ukutani kutazama.

Wapiganaji walivaa barakoa, kwa kuwa binti wa watu haifai aonekane akihema. Pambano likiisha, mpiga ngoma aliuliza, "Nani kabwaga?" Ua mzima ukaitika kwa jina la mshindi. Jina hilo ndilo lililokuwa zawadi. Nyingine haikuwapo.

Tajiri yule alikuwa na binti, Bi Zuleikha, msichana mpole ambaye hata mtungi wa maji ulimtoa jasho. Na Bweni walikuwa na Mwanasiti, mwanamke wa miraba minne. Basi nyumba ya tajiri ikafanya hila. Kijakazi akavishwa nguo za Zuleikha, akafungwa barakoa, akaingizwa jamvini. Akampiga Mwanasiti ngwara moja, chali! Kisha akakimbilia chumbani, na Zuleikha akatoka, kavaa vile vile, akavua barakoa yake mbele ya watu. "Nani kabwaga?" "Zuleikha!" Vigelegele juu. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Mimi mwenyewe nimekua nikiruka kamba kwa wimbo wa kumsifu Zuleikha.

Je, wanawake wa Kanga walidanganyika? Nilipovuka kwenda matangani nilimuuliza mama yangu, Bi Mwanamkuu. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma. Akasema, "Mgongo ule nani asiyeujua? Tulikuwa tunajua, mwanangu. Sote."

Ukafika mwaka wa mwisho wa hila hiyo. Kijakazi alikuwa amemzaa Mize, bado mchanga. Bi Mize anasema, "Mama hakutaka nguo wala chakula. Alitaka jina lake liitwe mara moja tu, nije niambiwe kuwa mama yangu alishinda."

Siku hiyo Kijakazi akambwaga tena Mwanasiti. Lakini hakwenda chumbani. Alisimama pale pale jamvini, akavua barakoa.

Nikamuuliza mama, "Ulimwona?"

"Nilimwona. Uso wazi, jasho linamtiririka, ananitazama mimi."

"Ukafanyaje?"

"Nikauliza, nani kabwaga?" Mama akavuta ukaya wake mpaka usoni. "Wakaitika, Zuleikha. Na mimi nikaitika nao. Nikapiga na ngoma."

Wasikilizaji wapendwa, Bi Zuleikha alikuwa hata hajatoka chumbani. Kijakazi amesimama mbele yao, uso wazi, nao wanamshangilia mtu ambaye hayupo.

Nikasema, "Mama, labda mliogopa kufukuzwa mashambani." Akanijibu, "Usinitafutie udhuru, Mwatima. Hatukuogopa. Tuliona tutachafuka tukiliita jina lile." Niliinamisha kichwa, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Kijakazi aliikunja barakoa vizuri, akaiweka jamvini, akambeba mtoto wake, akatokea mlango wa nyuma. Hakuingia ua ule tena. Mwaka uliofuata Mwanasiti alishinda bila taabu, na baada ya hapo mieleka ikafifia. Bi Kijakazi akaendelea kufua nazi mpaka mikono ilipokataa.

Tunawapa pole Bi Mize, watoto wake na jamaa wote wa Kanga. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Na wewe unayenisikiliza, tazama uani kwako leo: ni nani anayefanya kazi, na ni jina la nani linalosifiwa?

Mama, najua redio ya dukani inasikika mpaka kwako. Wenzako wa siku ile wako hapo, na Bi Mize pia yuko hapo. Nitauliza swali lako, kisha nitanyamaza, ili mpate nafasi ya kuitika.

Nani kabwaga?