Mulinge Munguti na Maksi Zilizochelewa Siku Nne

Bwana asifiwe. Mimi naitwa Tabitha Mbithe, dada mkubwa wa marehemu, fundi wa nguo pale Noonkopir, na ingawa masomo yangu yaliishia darasa la nane, familia imenituma nisome historia hii kwa sababu ni mimi nilibaki na yeye wazazi wetu walipotutoka. Mchungaji aliniomba jana nisome tarehe tu na nipunguze makali, nami nilijaribu, nikafuta na kuandika tena mara mbili, lakini Mungu anisamehe, tarehe zenyewe ndizo ziko na makali.

Mulinge Munguti alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1986 kule Mukaa, Makueni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Munguti na marehemu mama Nzula. Mwaka wa 1993 baba alipata kazi ya kiwanda Athi River, tukahamia Kitengela, na Mulinge akaanza shule ya msingi mwaka huo huo, akamaliza mwaka wa 2000, kisha akaenda sekondari ya bweni mjini Kajiado kuanzia 2001 hadi 2004, akapita mtihani vizuri sana, hasa hesabu na fizikia. Mama alikuwa ameshatangulia, na baba akalala Januari 2005, kabla ya matokeo kutoka, na hapa nakiri ya kwanza mbele yenu, kwamba ni mimi nilimwambia kitabu kingoje, atafute kazi ya mkono, naye hakunibishia hata siku moja.

Alijifunza kutengeneza redio kwa fundi mmoja hapa mjini, na mwaka wa 2009 akafungua kibanda na rafiki yake Odero, ambaye ameketi pale mbele, wakawa wanatengeneza redio za nyumbani na zile redio koo za mkononi ambazo walinzi wa usiku huitana nazo, na hakuna kampuni ya walinzi Kitengela hii ambayo haikupitia kwa Mulinge. Jumamosi tarehe 13 Agosti 2011 alifunga ndoa takatifu na Resian, binti ya Mzee Lemein wa Ilbissil, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nzula, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2012, na Lemein, aliyezaliwa tarehe 19 Februari 2017.

Septemba 2017, akiwa na miaka thelathini na moja na mtoto mchanga nyumbani, alijiunga na chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme na mawasiliano. Mimi nilicheka. Odero naye alimwambia, "Injinia, ukimaliza utakuwa na mvi za kutosha kutengeneza antena," lakini Mulinge alitujibu kwamba kutengeneza redio ni kufufua kazi ya mtu mwingine, na yeye anataka siku moja aanze na karatasi tupu. Mwaka wa nne ndio alifika kwa somo alilokuwa analitafuta, la kubuni sakiti za mawasiliano ya redio, na akawa akija kwangu Jumapili baada ya ibada ananieleza, mimi nikipiga cherehani, kwamba hewani watu wote wanaongea kwa wakati mmoja kama sokoni, na kazi ya sakiti ni kusikiza mmoja na kuwanyamazisha wengine. Ukikosea kidogo, aliniambia, ukiacha waya mrefu nusu kidole tu, chombo chenyewe kinaanza kupiga kelele zake na hakisikii mtu. Sikuelewa yote, lakini nilielewa kwamba ndugu yangu anajua kitu.

Projekti yake ya mwisho ilikuwa redio koo mbili alizozibuni mwenyewe kutoka mwanzo, kwa ajili ya wachungaji wa mifugo wa baba mkwe wake, kwa sababu kule ndani ya Ilbissil wanakopeleka ng'ombe hakuna mtandao wa simu, na mtu anaweza kutembea siku nzima akifuata kisima kisha akute pampu imeharibika. Wiki ya kuzionyesha kwa waalimu aliileta kwangu bodi ya redio moja, ile sahani yenye sakiti, kwa sababu kwake watoto wangeichezea, akaiacha mezani tarehe 20 Juni 2022, akaenda kuoga. Mimi nikaiangalia, nikaona koili ndogo za waya wa shaba zimevutwa vutwa, moja imelala, nyingine imeachana kama meno ya mzee, nikasema huyu kijana atatuaibisha mbele ya waalimu, nikachukua sindano yangu, nikazibana moja baada ya nyingine zikakaa sambamba kama uzi kwenye bobini. Sikujua kwamba ule mvutano ndio vipimo vyenyewe, kwamba alikuwa amekaa siku tatu akiziachanisha kidogo kidogo mpaka redio zikasikizana.

Kesho yake, Jumanne tarehe 21, alisimama mbele ya waalimu watatu, akawasha, na redio ikatoa mvumo tu. Akaona koili, akaelewa, akaomba dakika kumi, na mwalimu aliyesimamia projekti yake akamwambia, "Hapa si jua kali, bwana fundi, hapa unakuja na kitu kimekwisha," lakini wale wawili wengine wakasema apewe, naye akatoa kijiti cha plastiki mfukoni, akaachanisha koili, na mwanafunzi mwenzake aliyesimama na redio ya pili kwa geti ya chuo akasikika waziwazi akiuliza kama wameshaanza. Waalimu walicheka, wakaandika kwa karatasi zao, wakamshika mkono. Jioni aliniuliza kama niliishika bodi yake, na mimi, mshirika wa kanisa miaka hii yote, nikakana kama Petro.

Novemba ya mwaka huo huo majina ya waliofuzu yakabandikwa, na la Mulinge halikuwa. Masomo yote yalikuwa na maksi, isipokuwa projekti, ambapo palikuwa wazi kama pa mtu ambaye hakufika. Ofisi ya mitihani ikasema aulize yule mwalimu msimamizi, mwalimu akasema alishapeleka aulize ofisi, kisha mwalimu akahamia chuo kingine, na ofisi ikasema haiwezi kuandika maksi bila mwalimu. Kampuni iliyokuwa imemkubali abuni vifaa vyao ilimngoja miezi mitano, ikamchukua mwingine. Alienda kwa hiyo ofisi mara ishirini na sita, najua kwa sababu kila asubuhi alipitia kwangu nimpigie shati pasi, na siku moja karani mmoja alimwambia mbele ya foleni nzima, "Wewe mzee, kwani unaharakisha kwenda wapi?"

Wapendwa, nitasema polepole nisije nikatenda dhambi mbele ya jeneza. Zile redio mbili zilikuwa zinafanya kazi. Katika ukame wa mwaka ule Mzee Lemein alikaa kwa boma akazungumza na vijana wake kisima hadi kisima, na mwenyewe amesema nisome hapa kwamba ng'ombe waliobaki walibaki kwa sababu ya mkwe wake. Mtu aliyesoma darasani akafanya watu wasikizane porini, hakupata mtu mmoja wa kumsikiza kwa ofisi iliyo na milango minne na simu nne.

Oktoba 2023 alianza kufura miguu, na uchunguzi ukaonyesha figo zote mbili zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na safari tisa kati ya zile ishirini na sita alizifanya Jumatano, akiwa bado na bandeji kwa mkono. Aprili mwaka huu, nilipoona siku zinaisha, nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamwambia ukweli wa koili, nikalia, naye akacheka mpaka Resian akaja kuangalia kuna nini. Alisema, "Mbithe, nilijua siku ile ile, ni nani mwingine kwetu anayepanga vitu sambamba hivyo? Koili zilirudi kwa dakika kumi. Maksi ndizo zimekataa kurudi." Alilala Ijumaa tarehe 2 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Jumanne tarehe 6 Mei, siku nne baadaye, ujumbe uliingia kwa simu yake, Resian akaufungua. Chuo kinamfahamisha kwamba maksi zake za projekti zimeonekana, sabini na nne, na ili ziingizwe, afike ofisini yeye mwenyewe na kitambulisho.

Ndiyo maana kwa karatasi mlizonazo mikononi hatukuandika Injinia. Chuo kilitwambia tuandike, ni heshima. Hapana, hatutaweka uongo juu ya kaburi, na hatutapokea cheo cha kufariji kutoka kwa watu waliomnyima cha haki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole miezi kumi na minane, majirani wa Noonkopir waliopika na kulala nasi, mafundi wenzake, Odero aliyefanya kazi ya watu wawili bila kulalamika, na ukoo wa Mzee Lemein uliotoka mbali, kwa Kimaasai chenu nasema ashe oleng, asanteni sana. Tunawashukuru pia wageni wawili kutoka chuo, mlioketi chini ya hema na shada lenu. Karibuni chakula, sina ubaya na nyinyi, na kama nina ubaya Mungu ananishughulikia. Lakini mjue kwamba Jumatatu saa mbili nitakuwa mlangoni kwenu na Resian, na kibali cha mazishi mahali pa kitambulisho, na hatutatoka mpaka jina lake liitwe siku ya majoho kama majina mengine. Na darasa lake liko na wengine tisa ambao projekti zao bado ziko wazi, wawili wao ndio wamebeba hili jeneza. Andikeni maksi zao wakiwa bado wanaweza kuja kuzichukua.

Mulinge, mtoto wa mama yangu, lala salama kwa Bwana. Foleni hiyo tutasimama sisi.