Mwalimu Agapiti, Makamu Aliyengoja Kuitwa

Baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha katika Shule ya Sekondari Odilo, hapa Ifakara, Mwalimu Agapiti Ligunda anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Alikuja mwaka 1972 akitokea Mahenge, akivuka mto kwa pantoni na sanduku moja la vitabu, na hakuomba uhamisho hata mara moja. Amefundisha Historia, Siasa, na baadaye Uraia. Kwa muda alikuwa pia makamu mkuu wa shule na msimamizi wa shamba la mpunga. Jarida hili haliwezi kuvipita vyeo hivyo viwili harakaharaka, kwa sababu namna alivyoviacha ndiyo inayofanya kuagana naye kuwe kugumu.

Wengi waliopita mikononi mwake watamkumbuka kwa Baraza la Mawaziri. Kila mwaka, kidato cha tatu kilipofika kwenye mada ya serikali ya Uingereza, Mwalimu alifunga kitabu na kugawa vyeo. Alisema mtu hawezi kuielewa kazi ya waziri kwa kuikariri. Lazima kwanza akalie kiti chake na alaumiwe. Darasa lilipata Waziri Mkuu, Waziri wa Fedha, wa Mambo ya Ndani, wa Mambo ya Nje, na yule mkubwa wa sheria ambaye kule kwao huitwa Bwana. Wengine wote walikuwa wabunge, na mbunge yeyote aliruhusiwa kumhoji waziri yeyote. Jambo la kwanza alilotaka walielewe ni hilo: kule waziri hatoki nje ya Bunge, na akiingia Bungeni hana pa kujificha.

Bajeti ya Baraza hilo ilikuwa maji. Wakati wa kiangazi pampu ya shule hutoa maji kidogo, na kila darasa hupewa mgao wake wa ndoo. Waziri wa Fedha ndiye aliyeamua ndoo ngapi ziende bustanini, ngapi za kudekia, na ngapi zibaki. Mwaka 1988 cheo hicho alikuwa nacho Devota, ambaye leo ni mwalimu huko Mngeta. Waziri Mkuu wake alikuwa Deus, mchezaji wa mpira, aliyetaka maji ya kufulia jezi.

“Hata mimi Waziri Mkuu unaninyima?” Deus aliuliza mbele ya darasa.

“Hata wewe. Kama hutaki, nifukuze kwanza, halafu utafute mwingine wa kukunyima.”

Darasa lilicheka, lakini Mwalimu alilisimamisha somo papo hapo. Aliwaeleza kwamba Devota amesema kitu ambacho vitabu hutumia kurasa nyingi kukisema. Waziri wa Fedha wa Uingereza anakaa nyumba ya jirani na Waziri Mkuu, na ujirani huo una sababu: kila wizara ikitaka jambo, lazima ipite kwake, na Waziri Mkuu anayegombana naye kila wiki hawezi kutawala. Anaweza kumwondoa, ndiyo. Lakini nchi nzima itauliza kwa nini.

Waziri wa Mambo ya Ndani alishughulikia kelele, wachelewaji na ulinzi wa bweni, kama mwenzake wa London anavyobeba polisi na magereza. Mwalimu alisema ni wizara ambayo mambo yakienda vizuri hakuna anayeitaja. Waziri wa Mambo ya Nje alitumwa kwa madarasa mengine, na safari iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa ya jikoni kwa Mama Yosefina, mpishi wetu. Sharti lilikuwa aamkie kwanza, aseme alichotumwa bila kuongeza lake, na arudishe jibu kama lilivyotolewa. Mwaka mmoja alitumwa kulalamikia maharage. Alirudi akasimama wima, akatoa taarifa kwamba Mama Yosefina anasema chumvi siyo siasa, na atakayeona imezidi akalime maharage ya kwake. Mwalimu alimpa alama zote.

Bwana wa sheria alikalia gunia lililojazwa sufi ya msufi wa nyuma ya kanisa. Kule, Mwalimu alieleza, hukalia gunia la manyoya ya kondoo. Huku tuna misufi. Mtu huyo ni mkuu wa majaji, tena anakaa katika Baraza la Mawaziri, tena anaongoza vikao vya Mabwana, yaani baraza la juu la Bunge lao. Wanafunzi hawakukosa kuuliza inakuwaje mtu mmoja ahukumu, atawale na aongoze kikao. Mwalimu alijibu kwamba Waingereza wenyewe wanaulizana, na kwamba swali zuri si lazima lipate jibu kabla ya kengele.

Mwezi Novemba 1990 alikuja darasani bila vitabu. Alikuwa amesikia redioni kwamba Waziri Mkuu wa Uingereza anaondoka baada ya miaka zaidi ya kumi, na hakuna uchaguzi mkuu uliofanyika. Wiki chache kabla, mmoja wa mawaziri wake waandamizi alikuwa amejiuzulu. Mwanafunzi mmoja akauliza kama mawaziri wanaweza kumfukuza mkubwa wao. “Hawamfukuzi,” Mwalimu alisema. “Wanamwacha peke yake mezani.” Wanafunzi wa mwaka ule bado wanaitaja sentensi hiyo.

Siasa ilipogeuzwa kuwa Uraia, mwalimu mmoja kijana alimwambia kwa utani, “Mzee, mambo ya Malkia si yamepitwa?” Alijibu kwamba hawafundishi watoto Uingereza ili waiige. Anataka wajue vyetu vilitoka wapi, na wapi tuliachana navyo. Kwao Waziri Mkuu ndiye mwenye serikali. Kwetu juu yake yuko Rais. Asiyelijua hilo, alisema, atakosea hata kujua amlaumu nani.

Kulikuwa na kanuni mbili ambazo Baraza lake halikuruhusiwa kuzivunja. Ya kwanza: gombaneni mlango ukiwa umefungwa, lakini mkitoka nje mseme neno moja, asiyeweza kulisema aache cheo. Ya pili: waziri hujibu kwa yote yanayofanyika katika wizara yake, hata ambayo hakuyafanya wala hakuyajua. Wanafunzi waliiona ya pili kuwa ya uonevu. Mwalimu alisisitiza kwamba kujiuzulu kwa namna hiyo siyo kukiri wizi. Ni kulipa heshima ya kiti. Na waziri aliyeondoka hivyo, miaka ikipita, huweza kuitwa tena.

Mwaka 1993 aliitumia kanuni hiyo juu yake mwenyewe.

Wakati huo alikuwa makamu mkuu wa shule kwa mwaka wa tano, na shamba la mpunga lilikuwa chini yake. Mkuu wa shule alikuwa anaondoka mwisho wa mwaka, na hapakuwa na mtu Ifakara aliyetilia shaka nani angemrithi. Mwezi Juni Mwalimu aliitwa Morogoro kwa semina ya mtaala. Mvua zilichelewa kuisha. Wakati hayupo, mpunga ulipurwa na kuingizwa ghalani kabla haujakauka. Mkulima yeyote wa bonde hili anajua kinachofuata: magunia yalipata joto, yakaota ukungu, na chakula cha muhula mzima kikawa cha kumwaga. Wanafunzi walirudishwa makwao, kidato cha nne wakiwemo, miezi michache kabla ya mtihani wao. Matokeo ya mwaka ule hayakuwa mazuri. Aliyetoa amri ya kuingiza mpunga hatajwi hapa, na hilo ni ombi la Mwalimu mwenyewe.

Bodi ya shule ilikutana. Mwenyekiti, Mzee Dionisi, mkulima wa mpunga tangu ujana wake, alitaka kujua nani wa kujibu. Mwalimu Agapiti alisimama.

“Wizara ni yangu. Naacha umakamu na naacha shamba.”

“Mwalimu, wewe si ulikuwa Morogoro?”

“Nilikuwa Morogoro, Mzee. Wizara ilikuwa hapa.”

Alikaa. Hakueleza zaidi, kwa sababu katika darasa lake hapakuhitajika maelezo zaidi. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kudhani bodi nayo imelisoma somo lile. Wajumbe walikuwa watu wema, lakini walikuwa watu wa hapa, na hapa mtu hutetea kiti chake mpaka aondolewe. Mzee Dionisi alisema wakati wa kutoka, bila ubaya, kwamba katika umri wake hajamwona mtu msafi akiinuka mwenyewe kitini. Neno hilo lilifika sokoni kabla ya jioni.

Kufikia Agosti ilikuwa inasemwa kwamba mpunga haukuoza; uliuzwa Kidatu kwa wafanyakazi wa miwa, na ukungu ulikuwa hadithi. Baiskeli yake, ambayo wengi wetu tulimjua nayo tangu miaka ya themanini, midomoni mwa watu iligeuka kuwa mpya. Mkewe, Mama Klementina, aliulizwa mbele ya watu kwenye jumuiya yao ya sala, mtaani kwao Lipangalala, “Mama, leo mmepika wali wa shule?” Alijibu, “Wali wa shule ulinuka, mwenzangu, na huu unaonukia ni wa jembe langu mwenyewe, sogea uonje.” Walicheka. Lakini jumuiya iliyofuata hakwenda.

Ukuu wa shule ulikwenda kwa mtu kutoka nje ya wilaya, mchapakazi ambaye hatuna neno juu yake. Umakamu nao ulibaki wazi mara mbili katika miaka iliyofuata. Mara zote mbili kila mtu aliangalia upande wa Mwalimu Agapiti, na mara zote mbili hakuomba. Bodi ikachukua hilo kuwa ushahidi wa yale yaliyosemwa sokoni. Mwaka 1996, kwenye kibaraza cha ofisi, Mzee Dionisi aliulizwa kwa nini wasimrudishe. “Akitaka si aseme?” alijibu. “Mlango hatujaufunga.” Maneno hayo yalipelekwa kwa Mwalimu, aliyekuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. “Aliyeondoka kwa heshima haombi kurudi,” alisema. “Huitwa.”

Hivyo ndivyo miaka mitano ilivyopita. Yeye alingoja kuitwa, kama wanavyoitwa mawaziri wa kule alikokufundisha. Wao walingoja aje aombe, kama inavyofanyika huku. Kila upande uliuona ukimya wa mwenzake kuwa jibu.

Gharama yake si ya Mwalimu peke yake. Shamba lilipata wasimamizi watatu na halijafikia tena mavuno ya wakati wake. Kidato cha tatu kiliendelea kupata Baraza lake, na katika mitihani ya Uraia shule hii haijashuka chini ya nafasi ya tatu mkoani. Lakini mtu aliyeweza kuipa shule nzima utaratibu huo alibaki na darasa moja. Wanafunzi waliolijua jambo lile walimuuliza mara kwa mara kama kanuni ya pili ina maana yoyote huku kwetu. Aliendelea kuifundisha bila kubadilisha neno.

Mwezi Machi mwaka huu, tarehe ya kustaafu ilipotangazwa, Mzee Dionisi alikwenda Lipangalala mwenyewe, mchana, akiwa na jogoo. Mwalimu alimwamkia, Mama Klementina akaleta viti. Walizungumzia mvua za mwaka huu zilizofunga barabara ya Mikumi, wakazungumzia na madaraja.

“Mwalimu,” Mzee alisema mwishowe, “mbona hukuomba?”

“Mzee wangu, mbona hukuniita?”

Mama Klementina, ambaye ndiye aliyelieleza jarida hili, anasema Mzee alikaa mpaka chakula. Mzee alikaa mpaka chakula. Kabla ya kuondoka alisema kwamba siku ya kumuaga atasimama mbele ya wazazi na kutamka kuwa Mwalimu hakula mpunga wa mtu. Mwalimu alimshukuru na kumwomba asifanye hivyo, kwa sababu watu wakishasikia siye yeye watauliza ni nani, na huyo ana watoto wanaosoma. Walibishana hadi nje. Wakafikia mapatano: Mzee atasema Mwalimu alijiuzulu kwa jambo lililotokea akiwa Morogoro, basi, na atakayeelewa ataelewa. Sisi tumeruhusiwa kuandika haya yaliyomo humu na si zaidi.

Umakamu uko wazi tena tangu mwezi wa nne. Bodi ilikaa, na kwa mara ya kwanza ikakubaliana kwa sauti moja aitwe Agapiti Ligunda. Katibu ndiye aliyewakumbusha kwamba ametimiza miaka sitini na sheria hairuhusu. Kikao kilihamia ajenda nyingine.

Mwalimu, shule inakushukuru kwa miaka ishirini na sita, kwa mawaziri wote uliowatoa katika madawati yetu, na kwa kiti ulichokiheshimu kuliko tulivyokiheshimu. Nenda nyumbani ukiwa na afya, wewe na Mama Klementina, na Mungu awajalie majirani wanaobisha hodi bila kungoja kuitwa.