Kadi ya Jina Moja Mara Kumi

Mheshimiwa Bwana DO, Mchungaji Majok uliyetoka Kakuma asubuhi na vumbi la njia nzima, Chifu Lomenen, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wasikilizaji wenzangu wa Klabu ya Salamu ya Lodwar na Kakuma: ejok. Nawasalimu wote, na leo sitahesabu majina.

Wale wasionijua, mimi ni Lokeno. Redioni najulikana kama Mzee Kadi Safi, jina nililojipa mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kunipa. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa katibu wa klabu hii. Leo, mwezi huu wa Desemba 1999, nastaafu, na Bwana DO amekata utepe wa chumba hiki chenye kompyuta, ambacho binti yetu Carol Awoi atakiendesha. Nimeombwa nimsifu Carol. Nitamsifu, lakini mniwie radhi, sifa zake zitapitia kwenye aibu yangu.

Mnaijua kazi yangu ilivyokuwa. Kadi ya salamu ina mistari kumi. Unaandika watu kumi unaowasalimu, jina lako, mahali ulipo na ujumbe mfupi, nami nazikusanya hapa Lodwar na kule Kakuma, naziweka kwenye bahasha kubwa na kuzipeleka kwa basi hadi Nairobi, ambako mtangazaji wa kipindi cha salamu anazisoma hewani. Njia ikiwa salama, kadi ilichukua wiki tatu. Njia ikifungwa, salamu za Pasaka zilisomwa watu wakijiandaa kwa Krismasi. Na kabla ya kutuma, mimi nilizikagua. Mwandiko mbaya, nje. Mistari haijajaa, nje. Je, sikuwa nalinda heshima ya klabu? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na wengi wenu mlinipigia makofi.

Mwaka wa tisini na sita, sokoni Kakuma, mama mmoja aliniletea kadi yenye jina moja tu. Gatluak Bichiok. Nikamwambia, "Mama, kadi ni ya watu kumi. Huna jirani? Huna hata adui wa kumsalimu?" Watu wakacheka, na mimi nikafurahi kuchekesha. Yule mama hakucheka. Alisema, "Mimi nasalimu huyu moja tu. Ni mtoto yangu. Tulipotezana kwa mto wakati wa kukimbia vita, na mimi sijui yeye iko wapi." Nikamrudishia kadi, nikamwambia sheria ni sheria.

Wiki mbili baadaye akarudi. Mistari yote kumi ilikuwa imejaa. Gatluak Bichiok, Gatluak Bichiok, mpaka chini. "Sasa iko kumi," akasema. Ndugu zangu, niliipokea kwa mikono miwili kwa adabu zote, kisha nilipofika Lodwar nikaiweka kwenye kikapu cha kadi zilizoharibika. Kwa miaka mitatu aliniletea kadi kumi na moja za namna hiyo. Zote kumi na moja zilikwenda kikapuni. Na kila nilipofika sokoni aliniuliza, "Nairobi wamesoma?" nami nilijibu, "Bado, mama, foleni ni ndefu." Mama Nyawal, umeketi hapo mbele, na mbele ya watu hawa wote nasema: hapakuwa na foleni. Palikuwa na mimi.

Sasa nije kwa Carol. Kompyuta ilipokuja kwanza pale ofisi ya kanisa alikofanya kazi, nilidhani ni taipureta iliyooa televisheni. Aliponiambia kwamba kituo cha redio kimetangaza anwani ya barua pepe, na kwamba salamu zinaweza kufika Nairobi kwa waya wa simu kabla chai haijapoa, nilikasirika kweli. Nilijua maana yake. Kama salamu zinasafiri zenyewe, Mzee Kadi Safi ni wa nini? Waswahili wanasema waraka ni nusu ya kuonana. Mimi nilikuwa nimekalia nusu hiyo kama kuku anayekalia mayai, na sikutaka kuinuka.

Mwezi wa Agosti njia ya Kakuma ikafungwa, sikuweza kwenda kuchukua kadi. Awan, anayeendesha redio kol, ile redio ya kuzungumziana, kule kambini Kakuma, akaanza kumsomea Carol kadi hewani, na Carol akawa anazipiga chapa hapa. Siku ya pili nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimekunja mikono, nikitafuta makosa. Nikasikia sauti ya Awan, "Kadi ya Nyawal. Gatluak Bichiok. Gatluak Bichiok." Nikasema, "Carol, andika mara moja, hizo tisa ni upuzi." Hakugeuka hata kunitazama. Alisema, "Mzee wangu, kama mama ameandika mara kumi, mimi ni nani nimpunguzie?" Akaandika zote kumi, akabonyeza, zikaenda. Saa tisa alasiri ya siku hiyo hiyo mtangazaji alizisoma, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.

Na huko Kerio, ufuoni mwa ziwa, mvuvi Ewoi alikuwa anageuza samaki juani, redio yake imening'inia kwenye kigingi. Ewoi mwenyewe yuko hapa, atanisahihisha. Anasema mara ya kwanza hakusikia, upepo ulikuwa mwingi. Mara ya pili alidhani betri zimechoka. Mara ya tatu akasema, "Huyu si Gatluak wetu?" Mara ya tano ufuo mzima ulikuwa unaita, kwa sababu Gatluak alikuwa mbali akitandaza nyavu. Mara ya tisa alikuwa anakimbia mchangani. Mara ya kumi aliisikia kwa masikio yake mwenyewe, na baada yake jina la mama yake, ambaye watu walimwambia Gatluak miaka saba iliyopita kwamba hakuvuka mto. Niambieni, kama Carol angenisikiliza na kuandika mara moja, nani angesikia?

Kwa hiyo tushangilie, jamani. Siku moja tu baada ya mtangazaji kuzisoma, njia ya Kakuma ikiwa bado imefungwa, lori la samaki lilimshusha Gatluak mlangoni pa Carol, zilikotumwa salamu, na Awan akamwita Mama Nyawal kwenye redio kol. Kilichosemwa hewani hapo sitakirudia, ni chao. Mimi nilitoka nje nikalia kama mtoto, na sioni haya kusema.

Carol binti yangu, huu ufunguo wa sanduku la kadi za klabu ni wako. Na hiki kikapu pia. Ndani yake mna kadi mia mbili na sita nilizozikataa, na sasa najua si zote zilizokuwa salamu tu; nyingine zilikuwa zinatafuta watu. Zipige chapa kama zilivyo, makosa na yote. Ukiona mkono wangu unakuja kukosoa, upige kofi, Bwana DO ameruhusu.

Kabla sijaketi, nimebakiwa na kadi moja, ya kwanza kabisa Mama Nyawal aliyoijaza mistari yote. Nilitaka kuisoma mistari yote kumi, lakini ngojeni nijaribu mara moja.

Gatluak Bichiok.

Mmemwona aliyesimama karibu na mama yake? Hapa ndani mara moja imetosha. Nawashukuru kwa masikio yenu. Ufuoni zilihitajika kumi, na mama alijua.