Miaka Thelathini na Minne ya Bwana Alonzo Burrell na Kitanda cha Juu

Ifikapo tarehe 30 Juni 1951, Bwana Alonzo Burrell atavua koti jeupe alilolivaa miaka thelathini na minne akiwa mhudumu wa mabehewa ya kulala kati ya Chicago na Delta ya Mississippi.

Wanachama wa chama chetu cha wahudumu wa treni wanafahamu fika kwamba muziki wa bluzi haukusafiri kwa miguu yake. Bwana Burrell aliuficha chini ya mashuka: santuri kumi kumi, zilizofungwa kwa taulo, zikashushwa katika vituo ambavyo hapakuwa na duka la kumuuzia mtu mweusi wimbo wake mwenyewe. Katika miaka yote hiyo alivunja mbili tu, na hadi leo huomba radhi.

Kwa idhini yake, naeleza sasa jambo la Oktoba 1936. Mpiga gitaa mmoja wa shamba la pamba aliitwa Chicago kurekodi. Msimamizi wa shamba hakuruhusu mtu kuondoka. Aliyejaribu kabla yake alirudishwa akiwa maiti. Bwana Burrell alitoa magodoro katika kitanda cha juu, akamlaza humo yeye na gitaa lake, akakikunja kitanda hadi darini. Chini yake alilala bibi wa Kizungu, mgonjwa, nyuma ya pazia.

Msimamizi alipekua behewa la weusi, kisha akaingia la kulala. Treni ikayumba. Waya mmoja wa gitaa ukalia.

"We George, huko juu kuna nini?" aliuliza, akitumia jina ambalo abiria hutuita wahudumu sote.

"Magodoro tu, bosi. Treni ikiyumba, yanalialia."

Msimamizi akashika pazia. Bibi akafoka kutoka ndani: "Wewe mwenye kofia! Hujui kuna mwanamke amelala? Hebu toka!"

Akatoka. Bwana Burrell aling'arisha kiatu kimoja hadi Memphis, na mwenye kiatu akamsifu kwa bidii. Miezi mitano baadaye aliishusha Delta santuri ya mtu yule, kwa mkono wake.

Jina la mpiga gitaa siliandiki. Msimamizi yule sasa ndiye sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya ile, na Bwana Burrell anarudi wilaya hiyohiyo, kwa kuwa dada yake amepooza na hawezi kusafirishwa. Tulimsihi abaki. Alijibu: "Nani atamgeuza kitandani? Sherifu?" Tulicheka.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji wote: jarida hili lisiachwe kitini. Lisomwe, lichomwe.

Bwana Burrell, pokea shukrani zetu zisizo na kipimo. Tunakuombea siku za amani na mlango usiogongwa. Ukifika salama, tutumie kadi moja. Usiandike mengi. Andika tu kwamba magodoro hayalii, nasi tutalala.