Tebo ya Saba kwa Mchakamchaka

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa! Nimesikia, mmesema "tega." Haya. Tulitoka mikono mitupu, tukakimbia, tukarudi mikono mitupu, na mzigo tumebeba. Mmeshindwa? Nipeni mji. Tabora? Asanteni, nimekwenda Tabora, nimekula, nimerudi. Jibu ni mchakamchaka wa Mwalimu Clotilda.

Mwalimu Clotilda ametutoka wiki iliyopita. Alifundisha hesabu shule ya msingi, hapa hapa Kariakoo, miaka ile ya Ujamaa. Asubuhi shule zote zilikimbia mchakamchaka. Wengine waliimba kilimo. Watoto wake waliimba tebo.

"Saba mara tatu!" anaita.

"Ishirini na moja!" Miguu chini, chap, chap, Msimbazi mpaka Mchikichini.

Wauza vitunguu nao wakaitikia. Mmoja akikosea kila siku, watoto wanamzomea: "Babu, rudi darasa la pili!"

Mimi bibi yenu nikijiuliza dirishani: hivi tebo inaingilia sikioni au miguuni?

Siku moja akaja mkaguzi, Bwana Mwinyimvua. Akamsimamisha Benedikta, mtoto wa dada yake Mwalimu.

"Saba mara nane?"

Benedikta akaanza kukimbia palepale alipo.

"Simama tuli, binti!"

Akasimama. Jibu nalo likasimama, halitoki.

"Mwalimu, mtihani wa darasa la saba wataufanya wakikimbia? Narudi Ijumaa ijayo. Huyu asipojibu, nyimbo zako basi."

Benedikta leo ni mtu mzima. Anasema: "Mama mdogo hakunifokea. Jioni ile tuliimba tukitembea. Kesho yake tukaimba tumekaa, tunagonga vidole mezani. Mwisho tukafunga midomo, wimbo unakwenda ndani kwa ndani. Nikamuuliza, 'Na ukinikimbia?' Akacheka: 'Utaukimbiza, mbona mbio unaziweza!'"

Kwa Benedikta na ukoo mzima, wa hapa mjini na wa Kilimanjaro, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: mtoto akiimba huku anasoma, tunamkemea upesi wa nini? Hebu tumsikilize kwanza, anaimba nini.

Basi, Ijumaa ikafika. Bwana Mwinyimvua hakukaa hata kwenye kiti. Akamtazama Benedikta, akauliza lilelile: "Saba mara nane?"

"Miguu yangu ilitulia," anasema Benedikta. "Ya mama mdogo, pale mlangoni, ndiyo iliyokuwa ikikimbia."

Mkaguzi anangoja.

"Hamsini na sita."