Msamaha wa Mtoto Mchanga

Kwenye basi la Kilburn, huku ughaibuni, mwanamke kijana aliyekaa mbele yangu alimwambia mtoto aliyempakata, "Mami, nisamehe sikuja kukuzika. Pasipoti yangu ilikuwa bado kwa watu wa visa." Mama mmoja wa kanisa, Mkenya mwenzake, aligeuka. "Huyo ni mtoto, dada. Kupewa jina la nyanyake hakumfanyi kuwa nyanyake. Mtu hufa mara moja, kisha hukumu."

"Kwetu nyanya hurudi, auntie."

"Na pasta wako anajua?"

"Anasema nitamwona mama mbinguni. Lakini huko nitamkuta bado ana uchungu. Huyu hunichekea."

Auntie alifungua Biblia yake, akaanza kupekua kurasa. Mimi nilikuwa nimeshapita kituo changu.

Basi liliposimama, mtoto alikuwa analia, na mama yake akimuuliza kwa sauti ya chini, "Nimekukosea nini tena, mami?"