Urho Kemppainen na Kamera Iliyotaka Watu Watulie

Baba Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani wa Haapavaara, mimi Pentti, mkwe wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo yeye mwenyewe angeimaliza kwa picha chache bila kufungua mdomo.

Marehemu Urho Kemppainen alizaliwa tarehe 14 Februari 1929 hapa hapa kijijini, akiwa mtoto wa tano wa mzee Heikki na mama Anna-Liisa, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1942, kisha akaingia kiwanda cha mbao, alikodumu hadi alipostaafu mwaka 1989. Mwaka 1946 mjomba wake alimwachia kamera ya mbao ya miguu mitatu, inayonasa picha juu ya kioo badala ya filamu, na tangu hapo hakuna harusi, kipaimara wala jeneza lililotoka uani kwa mtu kabla Urho hajafika, maana wazee wetu hawakuzika bila kwanza kusimama wote kuzunguka jeneza lililo wazi na kupigwa picha.

Tarehe 21 Juni 1952 alifunga ndoa na Lempi, aliyekaa hapa mstari wa mbele, wakajaliwa watoto wawili, Oiva mwaka 1953 na Sirkka, mke wangu, mwaka 1958. Oiva hakujua kukaa kitako, na kamera ile ilitaka mtu atulie kama gogo kwa sekunde kadhaa huku kioo kikinasa sura yake, hivyo kila alipopigwa picha alitoka ukungu mweupe kando ya kiti, na baba yake alicheka tu, akisema, "Muache akimbie, akikua atatulia." Hakukua. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua tarehe 9 Novemba 1956, na pale uani, kando ya jeneza, Urho alishindwa kushika kamera, akaishika Lempi, ambaye hakuwahi kuigusa. Katika picha ile Urho anatetemeka hata sura yake haijulikani, na Oiva peke yake ametoka wazi, hadi kope.

Kamera ya mbao ikapandishwa darini, na mwaka uliofuata Urho aliuza mtamba akanunua kamera ya filamu, kisha nyingine yenye taa, kisha ya Kijapani, kisha ya kompyuta, watu wakasema ana ugonjwa wa kununua vitu, nami nilipokuja kuposa nilisema hivyo hivyo. Kumbe alikuwa akitafuta kasi. Watoto wote wa kijiji hiki aliwapiga picha wakikimbia, bila malipo, na wengi wao wamekaa humu leo na mvi zao. Krismasi ya mwaka 2018, kwa simu ya Sirkka, alimpiga picha kitukuu chake Ilona, mwenye miaka mitatu, akikimbia thelujini, akaitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akampa Lempi simu na kumwambia, "Mama Oiva, kwa hii angeonekana."

Moyo ulianza kumsumbua Januari, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kiwandani waliochimba kaburi katika ardhi iliyoganda, na majirani walioleta kuni na mikate bila kuombwa.

Kabla ya kahawa, Lempi anaomba tutoke sote uani tusimame kuzunguka jeneza, kamera ya mbao imeshushwa darini na kuwekewa kioo kipya, naye atafungua lenzi yake kwa mkono wake mwenyewe atupige picha. Wakubwa tujitahidi kutulia, ingawa najua hatutaweza, na watoto, amesema, msiwashike, waacheni wakimbie.

Baba, pumzika kwa amani, leo ni wewe utakayetoka wazi.